Mwenye Chombo Ndiye Fundi wa Kwanza

Yako maneno yanayosemwa hapa Lunga Lunga, nami nimeyasikia barazani mara nyingi hata nimeona hapana budi nitie neno langu. Maneno yenyewe ni juu ya bwana mmoja wa mji huu mwenye gari la mbio, Datsun 240Z, ambalo hulitengeneza mwenyewe uani kwake kila Jumamosi. Bwana huyu ana wanaomlaumu wa aina tatu. Wa kwanza wanasema mtu mwenye uwezo wa kumiliki gari kama lile ni aibu aonekane amelala chali chini yake, kanzu kaitundika msumarini, msuli umeloa oili. Wa pili wanasema anawanyima mafundi riziki yao. Na wa tatu, hawa ni wacha Mungu na maneno yao yana uzito, wanasema jambo lote hili ni israfu tangu mwanzo wake, kwani gari la nini hilo katika mji ambao watu wake wengi hutembea kwa miguu na kwa bodaboda?

Hoja zote tatu si za kupuuzwa. Nitazijibu moja moja, na atakayeona nimekosa uzani na anisahihishe.

Lakini kwanza tujue tunazungumza juu ya nini. Datsun 240Z ni gari la viti viwili lililotengenezwa Ujapani kuanzia mwaka 1969 hadi 1973. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,393. Vijana wa leo wakiiona pua yake ndefu huuliza kama limetoka Ulaya. Sisi tuliokua tukisikiliza habari za Safari Rally redioni kila Pasaka, na kusimuliwa na wakubwa wetu ushindi wa kabla yetu, hatuhitaji kuelezwa. Gari aina hii ndilo lililoshinda mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na la pili mwaka huo lilikuwa 240Z vilevile, la Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda yeye pamoja na Lofty Drews. Basi hili si gari la kigeni kwetu kiasi hicho. Limekula vumbi la nchi hii na kuogelea matope yake.

Tena iko siri moja ambayo wenye kuyaogopa magari haya hawaijui. Mwaka 1970 Safari ilichukuliwa na Datsun 1600 SSS, gari la milango minne la mtu wa kawaida kwenda nalo kazini. Injini yake ina silinda nne, upana wa kila moja ni milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7. Sasa nenda kwenye 240Z ukapime. Upana wa silinda ni milimita 83. Mwendo wa pistoni ni milimita 73.7. Ni zile zile! Wajapani waliichukua injini ya gari la kazi wakaiongezea silinda mbili. Chukua 1,595, ambao ndio ukubwa wa ile ndogo, ongeza nusu yake, utafika pale pale penye 2,393. Kwa hivyo gari la fahari aghalabu ni ndugu wa gari la kazi aliyevishwa joho, na anayeweza kumhudumia ndugu mmoja hana sababu ya kumkimbia mwenziwe.

Aibu ya mkono mchafu

Sijui aibu hii tumeitoa wapi, maana dini haikutufundisha hivyo. Sisi tuliosoma chuoni tulisimuliwa tungali wadogo kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe na kutia viraka nguo zake, ilhali Masahaba zake wote wangefurahi kumfanyia. Nabii Daudi (A.S.) alilainishiwa chuma, akafua mavazi ya vita kwa mikono yake. Nabii Nuhu (A.S.) aliamrishwa kuunda safina, na kila walipopita wakubwa wa kaumu yake walimcheka. Wanaopita uani kwa bwana huyu wakacheka, na wakumbuke kicheko kile kilimalizikia wapi.

Wala desturi zetu za pwani hazikufundisha hivyo. Nendeni Vanga, nendeni Shimoni, mkawaulize wazee waliobaki juu ya nahodha wa zamani. Nahodha hakuwa mtu wa kukaa tezi na kuamuru tu. Chombo kilipopandishwa pwani alikuwapo. Alijua ubao upi umelegea na msumari upi umeliwa. Alisimamia kalafati, pamba ikishindiliwa katika nyufa za mbao. Alijua sifa, yale mafuta ya papa, imekolea au haijakolea. Alijua deheni ya chokaa na shahamu imepakwa vizuri au mafundi wamelipua kazi. Hayo yote aliyajua kwa kuwa akiwa baharini usiku, upepo wa kusi umechafuka, hapakuwa na fundi wa kumwita. Mwenye chombo asiyekijua chombo chake alikuwa abiria kama abiria wengine.

Na kama twataka mfano wa magari, tunao wa nyumbani. Marehemu Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa makanika kabla hajawa bingwa. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Na huyo aliyemfuata nyuma mwaka 1974 ni nani? Ni Björn Waldegård wa Sweden, mmoja wa madereva hodari wa dunia, naye alikuwa katika Porsche 911. Porsche ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, ikashika ya pili 1974, ikashika ya pili 1978, na Safari ya zama zile haikuishinda. Sisemi kwamba spana peke yake ndiyo iliyompa Joginder ushindi. Nasema mtu aliyekwisha kuifungua injini kwa mikono yake huisikia ikilalamika mapema, akapunguza mwendo kabla haijavunjika, na asiyeijua huisikia ikisha kunyamaza.

Riziki ya fundi

Mafundi wa Lunga Lunga ni hodari, wala sitaki mtu adhani nawabeza. Wako chini ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Horohoro, na injini za dizeli wanazijua kama nijuavyo mimi vina na mizani. Lakini kabureta mbili za gari la mwaka 1972 hawazipati kila siku. Kwa hivyo anayetaka kulipeleka gari kama hili kwa mjuzi hulivuta kiasi cha kilomita 100 mpaka Likoni, akavuka feri, kisha akaliacha Mombasa na kurudi nyumbani na wasiwasi wake. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo. Gari lilikaa gereji miezi saba, na liliporudi kabureta zake za asili zilikuwa zimetoweka, mahali pake zimetiwa nyingine zilizochoka. Angewezaje kudai, naye hakuwahi kufungua boneti akazitazama?

Kwa hiyo swali la riziki lataka kupambanuliwa. Ziko kazi za mwenye gari na ziko kazi za fundi.

Kazi ya mwenye gari ni ile isiyotaka mashine kubwa bali yataka subira. Kupima nafasi za vali, kwa mfano. Injini ya 240Z ikiwa baridi, nafasi ya vali ya kuingiza hewa ni milimita 0.20, na ya kutoa moshi ni 0.25. Kipimo ni kile kibati chembamba kinachopita baina ya vyuma viwili kwa kukwaruza kidogo, kisilegee wala kisikwame. Ni kazi ya asubuhi moja. Mwenye haraka ataikosea, na mwenye utulivu ataifanya vizuri kuliko gereji nyingi, kwa sababu gereji ina magari mengine kumi yanayongoja na yeye hana ila hili.

Kadhalika plagi. Kila plagi ikifunguliwa inatoa habari za silinda yake. Ikiwa na rangi ya kahawia kama kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, mambo ni sawa. Ikiwa nyeusi ya masizi, petroli yaingia nyingi mno. Ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli ni chache na joto limezidi, na hapo mtu ashtuke, kwani pistoni imo hatarini. Na zile kabureta mbili hupatanishwa kwa sikio: chukua mpira mwembamba, ncha moja uitie sikioni, ya pili uielekeze kwenye mdomo wa kabureta moja, kisha kwenye wa pili. Mivumo ikiwa sawa, zimepatana. Mmoja ukivuma kuliko mwenziwe, moja yabeba mzigo wa nyingine, kama ng'ombe wawili wasiolingana katika jembe moja. Mshairi hapo atacheka, kwani anajua kusikiliza mizani miwili ni kazi gani.

Kisha kuna adui wetu wa pwani, naye ni kutu. Gari hili lina sifa nyingi, na kuila kutu upesi ni mojawapo ya aibu zake. Huanzia sakafuni, hukaa chini ya betri, hujificha nyuma ya matao ya magurudumu ya mbele. Lunga Lunga haiko ufukweni, lakini anayeteremka Vanga au Diani hurudi na chumvi chini ya gari lake asiione. Dawa yake ni kuosha chini kabla ya kuosha juu, na kwa maji ya mvua kwa mwenye nayo, maana visima vyetu vingine vya pwani vina chumvi navyo. Kisha likauke. Wengi hulifunika gari kwa turubai la plastiki wakadhani wamelihifadhi, kumbe wamelipikia mvuke ndani yake. Banda la makuti lililo wazi pande zote ni bora zaidi, hupitisha upepo na huzuia jua. Ila lisiwe chini ya mnazi. Nazi haichagui kati ya gari la fahari na la taka.

Mafuta ya breki nayo huvuta unyevu wa hewa, na hewa yetu unyevu imejaa. Yafaa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikutembea. Na nikitaja breki nataja na uhai: asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Ya kushikilia ni stendi za chuma, au magogo mazito ya mti mgumu. Roho haina spea.

Sasa kazi za fundi. Kuchonga kransha ni kazi ya mwenye mashine. Kuunga chasi iliyoliwa na kutu ni kazi ya mwunguzi stadi wa welding. Breki zinapofunguliwa mara ya kwanza, na awepo anayezijua, akuoneshe. Na hapa nawajibu wanaosema riziki yakatwa. Mwenye gari aliyejifunza hampunji fundi, bali humlipa vizuri zaidi, kwa kuwa anajua kazi ngumu ni ipi. Asiyejua hulipa ujanja mara mia, kisha akaja kugombania bei ya kazi halali. Mafundi wa kweli huwapenda wateja wanaofahamu. Wanaowachukia ni wale ambao ujinga wa mteja ndio mtaji wao.

Israfu au amana

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Nakubali kwamba mtu ambaye zaka inamwia, au ana deni la watu, au mtoto wake karudishwa skuli kwa ada, hana ruhusa ya kununua tairi za gari la kuchezea. Hili halina mjadala. Nakubali pia kwamba gari lenye sauti kubwa linaweza kumwingiza mtu katika riya na kibri, naye akaona barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga ni uwanja wa mashindano. Barabara hiyo ina watoto wanaokwenda skuli na madrasa. Safari ilikuwa na siku zake na mipaka yake. Anayekimbiza gari Msambweni kati saa ya watoto kutoka chuoni hana ufundi wala adabu.

Lakini tupime kwa mizani moja. Wako watu tunaowaheshimu, na hatujawaambia neno, ambao kila baada ya miaka mitatu huuza gari zima wakanunua jingine kwa mkopo, kwa kuwa la kwanza limetoka katika mtindo. Na yuko huyu aliye na gari lililopita miaka 50 ambalo bado linakwenda, hakulitupa, hakuliacha liliwe na majani. Ni yupi kati yao aliye karibu na israfu? Kwa fikira zangu, kitu ukisha kukimiliki kinakuwa amana. Kukitunza ni shukrani, na kukiacha kioze huku ukitafuta kingine ndiko kuharibu mali.

Ila amana ina masharti. La kwanza ni oili iliyotumika. Wengi wetu huimwaga nyuma ya nyumba, wengine huipaka nguzo za ua wakidhani wameokoa kitu. Watu wa Kwale wengi tunakunywa maji ya visima. Kinachomwagwa ardhini leo kitarudi kwenye mtungi, na mtungi huenda ukawa wa jirani. Muislamu hana haki ya kumdhuru jirani yake kwa ajili ya starehe yake. Bwana tunayemzungumza huikusanya katika madebe, kisha huipeleka kwa wanaoichukua. Na sharti la pili ni kwamba anayejua asifiche alichojua.

Na hapo ndipo ninapotaka kusimama, kwa sababu ndipo penye faida yetu sote. Uani kwa bwana yule kila Jumamosi hukusanyika vijana watano au sita. Hakuwaita. Walikuja kutazama, akampa mmoja bisibisi ashike, mwingine akamwambia apanguse plagi. Sasa wanajua kwamba moto wa silinda za 240Z huwaka kwa utaratibu wa 1-5-3-6-2-4, nao huukariri kama sisi tulivyokariri alifu, be, te. Hakuna aliyeanza chuo kwa sura ya Baqara. Tulianza kwa herufi, tukaingia Juzuu Amma kwa sura fupi fupi, mwalimu akitusikiliza na kijiti mkononi. Ufundi una njia hiyo hiyo: oili kwanza, kisha plagi, kisha vali, na injini yote hufunguliwa na aliyehitimu. Mtoto aliyezoea kukaa mbele ya ubao wake akarudia aya mpaka ikamwelea anayo tayari subira ambayo ufundi unaitaka. Tumempa silaha nusu, tukamnyima nusu ya pili.

Kila siku tunalalamika kwamba kazi za ufundi katika mahoteli ya Diani na bandarini haziwafikii vijana wetu. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, nami nimeyaandika mwenyewe zaidi ya mara moja. Lakini kijana ambaye baba yake humgombeza kwa kurudi na mikono myeusi, akamwambia hiyo ni kazi ya watu duni, atajifunzia wapi? Vyombo vyetu vya bahari tuliviacha hivi hivi. Wazee walijua kuunda, wana wakaona haya kushika tezo, na leo anayetaka jahazi kubwa liundwe upya hutafuta fundi kama atafutaye hirizi iliyopotea. Tumekwisha kupoteza ufundi mmoja kwa kuona haya. Sioni sababu ya kupoteza wa pili.

Basi ombi langu ni dogo. Mwenye gari, liwe la mbio au la kubebea mahindi, alifungue boneti walau mara moja kwa juma na mtoto awepo, wa kiume na wa kike, maana kibati cha kupimia vali hakiulizi. Mwenye gereji apokee wanafunzi bila ya kuwafanya watumwa wa kuchota maji. Walimu wetu wa madrasa, wanapowasimulia watoto kisa cha Nabii Nuhu, wawaambie pia kwamba safina ilikuwa na mbao na misumari, na kwamba kuna mkono ulioigongomea. Na walioko barazani, wakimwona bwana yule chini ya gari lake, wampe salamu na wapite. Au bora zaidi, wavue kanzu waingie wamsaidie.

Kwa kuwa mshairi haagi bila ya ubeti, nawaachieni huu:

Chombo ni cha mwenye chombo, si cha fundi wa mjini,
Afahamu kila jambo, lililo humo mwilini,
Asiringe kwa mapambo, na kutu imo chasini,
Shika spana mkononi, gari likupe heshima.

Wabillahi tawfiq.